Kila Mtu Ajipakulie

Nilianza kukanda unga saa kumi na moja alfajiri, Jumapili, siku yangu moja ya kupumzika kwa wiki, na nisimdanganye mtu: sikuwa nakanda kwa moyo mkunjufu. Mgongo ulikuwa unaniuma tangu Alhamisi. Baba alikuwa ameniamsha mara tatu usiku, mara mbili kwa haja ndogo na mara moja kuniuliza kama mlango umefungwa. Lakini Kaka alikuwa amepiga simu katikati ya wiki na kusema, kwa ile sauti yake ya mwenyekiti, "Tukutane kwako Jumapili mchana, tuongee mambo ya Mzee. Wewe utatuandalia chochote kitu."

Chochote kitu. Mtu ambaye hajawahi kumenya kitunguu ndiye anayesema chochote kitu.

Nieleze kwanza utaratibu wa kwetu, la sivyo utaona nimerukwa na akili. Tumezaliwa watatu: Kaka, mimi, na Kitinda wetu ambaye ni mwalimu. Juu yetu yuko Shangazi, dada yake Baba, mama wa watu ambaye neno lake likitoka limetoka. Tukiwa na jambo tunakutana kula, na tukikutana kula ninayepika ni mimi, kwa kuwa eti ndiyo kazi yangu. Ni mpishi kwenye ukumbi wa sherehe. Siku sita nawapikia watu wa nje, ya saba nawapikia wa ndani. Kikao kinaanza nikiwa napakua na kinaisha nikiwa naosha vyombo, na maamuzi yote makubwa ya nyumba yetu yamepita nikiwa na mwiko mkononi.

Karakana ya Baba ya ushonaji ilifungwa nikiwa nachuja chai. Na miaka mitano iliyopita, Baba alipopata kiharusi na mkono wa kulia ukapooza, nilitoka jikoni na sinia la wali nikamkuta Kaka anajifuta mikono. "Tumeshakubaliana," akasema. "Mzee atakaa kwako kwa muda, mpaka tujipange." Niliweka sinia mezani, nikauliza nani anataka mchuzi. Hadi leo najishangaa.

Hiyo kwa muda ndiyo ina miaka mitano sasa. Simchukii Baba, Mungu ananiona. Namwamsha, namwogesha, namvalisha, namlisha, nakimbia kazini. Jirani anamtupia jicho mchana. Narudi jioni, naanza upya. Nina miaka hamsini na mbili na kuna siku nasimama kwenye korido na beseni la maji, sikumbuki nilikuwa naenda nalo wapi.

Sasa Kitinda naye, siku moja baada ya simu ya Kaka, akanipigia kuninong'oneza. "Dada, usiseme nimekwambia. Kaka anataka Jumapili tupitishe kabisa Mzee abaki kwako. Moja kwa moja. Anasema ameshazoea."

Nikamshukuru, nikakata simu.

Kwa hiyo nilichokuwa nataka Jumapili ile kilikuwa kitu kimoja tu: niwe nimekaa kwenye kiti wakati kikao kinaendelea, niseme kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba nimechoka, na Baba aende kwa wenzangu nao wamtunze. Nisipokaa, ingepita. Na ikishapita kwetu, imepita.

Wazo la taco nililipata kazini. Kulikuwa na ofisi fulani wanaagana na bosi wao, wakataka meza ya kujitengenezea. Vichapati vidogo vya mahindi upande huu, nyama, kuku, maharage, mboga na rojo za kila aina upande ule, kila mgeni anachukua kichapati, anajaza anachotaka, anakunja, anakula. Mimi nilikuwa nimesimama na upawa wangu tayari kupakua. Msimamizi akaniambia kaa, hapa hakuna kupakua. Nikakaa. Nikakunja nne kabisa. Katika miaka ishirini na tatu ya kupika ilikuwa mara yangu ya kwanza kuwaangalia watu wakila huku nimekaa, na ndipo nilipojiambia, kumbe inawezekana.

Jina lenyewe la chakula hiki ukilitamka mbele ya wakwe, mtu anaangalia dirishani. Kwa hiyo nyumbani nilikiita vya kukunja.

Basi nilikanda. Unga wa mahindi uliochekechwa mara mbili, nikauchanganya na wa ngano kidogo ili usikatike, maji ya moto, chumvi. Nilisukuma vichapati arobaini vyenye ukubwa wa kisosi, nikavichoma kwenye kikaango kikavu, kimoja kimoja, nikavifunika kwa kitambaa ndani ya hotpoti visikauke. Nyama ya kusaga nikaikaanga na vitunguu saumu na bizari nyembamba. Kuku nikamchemsha, nikamchambua nyuzinyuzi. Maharage nikayaponda. Kabichi nikaikata nyembamba mpaka vidole vikafa ganzi. Nyanya, vitunguu, giligilani. Parachichi na ndimu nyingi lisibadilike rangi. Jibini ya kukwaruza, mtindi mzito, pilipili kwenye bakuli lake peke yake, maana pilipili ya bakuli la pamoja huleta ugomvi.

Mabakuli ya vitu vya moto niliyaweka juu ya trei za maji ya moto. Sahani mwanzoni mwa meza, tishu mwishoni, chumvi mbili, jagi mbili za maji, chupa mbili za chai na vikombe pembeni. Nilifikiria kila kitu ambacho mtu anaweza kuniitia, nikakitoa jikoni nikakiweka pale. Kisha nikachukua makaratasi magumu nikaandika namba. Moja, chukua sahani. Mbili, chukua kichapati, kimoja tu kwanza. Tatu, nyama au kuku au maharage, vijiko viwili visizidi. Niliendelea hivyo hadi sita, kunja. Ya saba niliandika: usimwite mtu.

Saa sita nilimpeleka Baba chumbani kwake. Nilimkalisha kwenye kiti chake karibu na dirisha, nikamlisha uji haraka haraka, nikamwashia redio.

"Kuna wageni?" akauliza. Mdomo wake unavuta upande mmoja kidogo, lakini maneno yanatoka vizuri ukimpa nafasi.

"Ni watoto wako tu, na Shangazi. Watakuja kukusalimia wakimaliza kula."

"Kwa nini nisikae nao?"

"Kuna kelele, Baba. Utachoka." Nikafunga mlango. Sikufikiria mara mbili.

Walifika kwa pamoja, Shangazi mbele na mkoba wake, Kitinda nyuma yake, kisha Kaka na wifi yangu, mkewe. Kaka alikuwa amevaa tai. Jumapili, nyumbani kwangu, tai. Walisimama wakaitazama ile meza.

"Leo kuna nini?" Kaka akauliza.

"Vya kukunja. Kila mtu ajipakulie, maelekezo hayo hapo."

Nikavuta kiti cha katikati, kile ambacho huwa anakaa Kaka, nikakaa. Nisikufiche, miguu ilikuwa inataka kuinuka yenyewe. Niliishika meza kwa chini.

Shangazi alikaa pia, akaninyooshea sahani tupu. "Mwanangu, niwekee kidogo tu."

"Leo kila mtu anajipakulia, Shangazi."

"Hata mimi?"

"Hata wewe, mama."

Alinitazama kama anayemtafuta mtu aliyekuwa anamfahamu. Kitinda ndiye aliyeinuka akamchukulia sahani, akawa anamuuliza hiki au hiki, na Shangazi akawa anaonyesha kwa kidole kama yuko dukani. Nadhani alifurahia, maana alirudi kuomba cha pili.

Kaka yeye alizisoma kadi zote kwa sauti kama ajenda. Alipofika kwenye vijiko viwili visizidi, akaweka vitano. Akakunja, kikapasuka, maharage yakashuka kwenye tai.

"Dada, hiki kimepasuka."

"Chukua kingine, Kaka. Viko vingi."

"Tishu ziko wapi?"

"Mkono wako wa kushoto."

"Na chumvi?"

Wifi akamsogezea chumvi bila kusema kitu, lakini niliona anabana kicheko. Kaka akasafisha tai, akala, akatulia. Halafu akakohoa, na hapo nikajua wakati umefika.

"Basi, wakati Dada anatuandalia chai, sisi tuanze."

"Chai iko kwenye chupa," nikasema. "Vikombe hivyo hapo. Tuanze."

Akaangalia chupa, akaniangalia mimi. Nafikiri hakuwa na mahali pa kuanzia mimi nikiwa mbele yake. Akajiweka sawa.

"Ni hivi. Sisi tumeona kwamba Mzee ameshazoea hapa. Daktari yuko karibu, majirani wanamjua. Kwa hiyo tumeona ni vema..."

"Mmeona nani na nani?" nikauliza, sauti haitoki vizuri.

"Sisi. Familia."

"Na mimi simo kwenye hiyo sisi?"

Nilikuwa nimeandaa maneno kichwani siku hizo zote, tangu kwenye jiko la kazini hadi kitandani: kuhusu beseni, kuhusu usiku, kuhusu mgongo, kuhusu harusi ya rafiki yangu ambayo sikwenda. Maneno mazuri kabisa, yamepangwa. Nilipofungua mdomo likatoka moja.

"Nimechoka."

Na sikulisema kwa sauti. Lilitoka chini chini, kama ninavyoongea nikiwa naumwa.

"Kuchoka ni kawaida," Kaka akasema. "Hata mimi nachoka."

"Unachoka na nini, Kaka?"

"Mwache aseme," Shangazi akakata.

Nikasema, sasa yote, kwa sauti ile ile ya chini na bila mpangilio. Hawakunikatisha. Kitinda akaanza kulia mapema mno, hata sijafika kwenye usiku, na kwa kweli aliniudhi, kwa kuwa miaka yote hiyo alikuwa na simu na basi linapita mlangoni kwake. Kaka akaleta habari za ngazi, kwamba wao wanakaa ghorofa ya tatu. Akaleta habari za watoto. Basi wote wakaanza kuongea kwa mpigo, huyu ngazi, yule zamu, Shangazi anagonga meza kwa kijiko, mpaka wifi yangu, ambaye kwenye vikao huwa hafungui mdomo, akasema, "Chumba kipo. Tangu mkubwa aende chuo kinalala maboksi. Na ngazi, si uko wewe na jirani mnamshika huku na huku? Jumamosi hatuendi kazini." Kaka akamgeukia. Wifi akawa anakunja kichapati chake taratibu.

Ndivyo ilivyoisha, kwa zamu. Miezi minne kwa Kaka, minne kwa Kitinda, minne kwangu. Kuanzia Jumamosi inayofuata. Haikuchukua hata nusu saa. Niliangalia saa ya ukutani nikadhani imesimama.

Nikala. Nilikula vitatu mfululizo, na nyama, na pilipili, na jibini nyingi ambayo kwa kawaida nawaachia wengine. Nilijisikia mwepesi mpaka nikaogopa. Kaka akamimina chai mwenyewe, akamwaga nusu kwenye kisahani, hakuna aliyemcheka.

"Sasa nani atamwambia Mzee?" Shangazi akauliza.

Wote wakanigeukia mimi. Hapo hata mimi sikubisha. Nilichukua sahani, nikamkunjia kichapati kimoja chenye kuku laini na maharage na parachichi, bila pilipili, nikaweka na kijiko ili nikifungue nimlishe cha ndani, nikaenda.

Chumba kilikuwa kimya. Redio imezimwa. Baba alikuwa ameuelekeza uso mlangoni, kama alivyokuwa akikaa karakanani mteja akichelewa.

"Mmeniweka kwa nani kwanza?" akasema.

Nikafunga mlango nyuma yangu. "Umesikia?"

"Huu ukuta ni mbao. Nilizima redio kaka yako aliposema nimezoea. Nikataka kusikia nimezoea nini." Akapumua. "Halafu wakaanza kuongea wote, sikuelewa tena. Nimesikia Jumamosi."

"Kwa Kaka. Miezi minne. Halafu kwa Kitinda. Halafu unarudi huku."

Akatikisa kichwa polepole, akitazama mkono wake uliolala mapajani.

"Nilikuwa nasikiliza sauti yako," akasema. "Sikuisikia. Nikajua uko jikoni, kama siku zote. Nikajisemea moyoni, wangemwita akae nao, asingekubali."

Nilikuwa bado nimesimama na sahani. Ilikuwa rahisi kuitikia. Vyombo vichafu vilikuwa vingi sebuleni, ningesema ndiyo Baba, nilikuwa jikoni, wameamua wao, unawajua. Angenishika mkono. Angeondoka Jumamosi akijua kwamba kuna mmoja aliyekuwa upande wake. Miaka yote nimelilaani lile jiko, na dakika ile nililitamani.

"Sikuwa jikoni, Baba. Nilikuwa nimekaa nao. Aliyesema ni mimi."

Akanyanyua macho. "Ulisema nini?"

"Kwamba nimechoka."

"Umechoka tangu lini?"

"Tangu mwaka ule wa kwanza."

"Hukuniambia."

"Ningekuambiaje, na ninayemhudumia ni wewe mwenyewe."

Nje kuna mtu alikuwa anaburuta kiti. Nilitaka anigombeze. Baba alikuwa fundi mkali, mshono ukipinda anaufumua mbele yako, na mimi nilikuwa nausubiri ukali huo kwa hamu.

"Kuna yeyote aliyesema tumuulize Mzee?"

"Hakuna."

"Hata wewe."

"Hata mimi," nikasema, na aibu ikanipanda mpaka masikioni. Miaka mitano nimekuwa na kinyongo kwamba niliamuliwa nikiwa chumba cha pili. Na aliyefunga mlango huu saa sita mchana ni mimi, kwa mkono wangu.

Nikavuta kigoda nikakaa mbele yake. Nikafungua kichapati, nikachota kwa kijiko, nikakipeleka mdomoni kwake kama kila siku. Akafunga mdomo.

"Kikunje kama kilivyokuwa. Kiweke hapa."

"Utachafuka, Baba."

"Huko ninakokwenda nani atanilisha? Mke wa kaka yako?"

Akanyoosha mkono wa kushoto. Ulinyooka. Na hapo nikakumbuka jambo ambalo nilikuwa nimelisukumia mbali kwa miaka: yule mtaalamu wa mazoezi wa hospitalini aliniambia, mwezi wa pili tu baada ya ugonjwa, huyu mwache ajilishe, hata akimwaga, hata akichukua saa nzima, mkono wa kushoto ni mzima. Niliitikia. Kesho yake asubuhi basi la kazini lilikuwa karibu kuniacha, nikashika kijiko. Kwa kijiko ni dakika kumi. Sikukiachia tena, na Baba sikuwahi kumwambia alichosema yule mtu.

Nilikikunja, nikakiweka kiganjani mwake. Vidole vyake vikakishika vizuri kuliko nilivyotarajia, kwa ncha, kama mtu anayeshika kitambaa kabla ya kukikata. Akakiinua. Nusu ya maharage yakamwagika kifuani. Nikachukua tishu, akatikisa kichwa, nikairudisha. Akang'ata. Kuku akaanguka kwenye paja. Akatafuna taratibu, akameza, akapumzika, akainua tena.

"Dada," Kaka akaita kutoka sebuleni, "sukari iko wapi?"

Nilimwacha aitafute.

"Baba," nikasema, "ulikuwa unaweza siku zote. Waliniambia. Sikuwa na muda wa kukusubiri."

Aliendelea kutafuna. Sikujua kama amenisikia, mpaka alipomaliza alichonacho mdomoni.

"Nami nilidhani siwezi," akasema. Halafu akaongeza, bila ukali wowote, "Nenda kapumzike. Si umechoka."

Sikwenda. Nilikaa pale kwenye kigoda, mikono nimeiweka chini ya mapaja isije ikamsaidia, na Baba akala kichapati kimoja kwa dakika hamsini.